Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: kibarua wa tumbaku naye aandikwe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kasulu. Kila vitalu vya tumbaku vinapoanza kumwagiliwa kule Urambo, Kaliua na Mpanda, vijana wetu hupanda mabasi kwenda kufanya kazi ya msimu. Mimi nilikwenda misimu miwili.

Wa mwisho ulinifunza. Tulielewana na mwenye shamba kwa mdomo: chakula juu yake, na tumbaku ikiuzwa anipe laki 6. Nilianza Septemba. Nilipalilia, nikakata vikonyo, nikachuma majani yenye umande hadi viganja vikawa vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa sabuni. Jioni nilitapika, kichwa kikizunguka, wenzangu wakasema nimelewa tumbaku. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi jani likiwa bichi na limelowa. Bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, likishajaa ni zamu ya moto, karibu wiki nzima usiku na mchana. Ukisinzia joto likashuka, jani linaharibika na lawama ni zako.

Julai nikapigiwa hesabu. Unga, sabuni, dawa za malaria, vyote vikakatwa, hata unga tuliokubaliana ni wake. Nilirudi na laki mbili na nusu. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Simwiti mkulima yule mwizi. Naye alikatwa deni la mbolea kabla hajashika senti.

Mheshimiwa, Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini katika kilimo. Kwa kiwango hicho, miezi 10 ni shilingi 1,400,000. Amri ile ilikuwa na viwango vya saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Msimu haukuwamo, na humo ndimo sisi tunamopotelea. Wazee wetu wa Buha, huku kwetu Kigoma, waliopelekwa enzi za ukoloni na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua, kwenye mkonge wa Tanga waliitwa manamba, wakadharauliwa. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande chake, yaani kadi ya kazi, na siku zake 30 zilitiwa alama moja moja. Mimi sikuwa na hata hicho.

Daftari lipo tayari. Chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa tumbaku, kinajua kila mkulima ana ekari ngapi, kachukua mifuko mingapi ya mbolea na kapangiwa kuuza kilo ngapi. Naomba mkulima asipewe pembejeo kabla vibarua wake hawajaandikwa humo: jina, umri, ujira na tarehe ya kuanza. Ujira ukatwe kwenye mauzo kama linavyokatwa deni la mbolea, na sehemu yake itoke kila mwezi.

Umri nautaja kwa makusudi. Vijana wengi wenye nguvu siku hizi wanakimbilia bodaboda na machimbo, na wanaotafuta vibarua wanashuka hadi kwa watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 kwenye kazi ya hatari. Afisa kazi aje stendi yetu Septemba, atawaona kwa macho yake.

Mdogo wangu ana miaka 19. Ameshaahidiwa nafasi Kaliua msimu ujao. Naomba aondoke na karatasi mkononi.

Wako mtiifu,
Kibarua wa zamani wa tumbaku, Kasulu