Kwa somo yangu wa Mwanza, kuhusu huyo "mlinzi wa jumla"

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu sana. Huku hatujambo sote. Mama anakusalimu, na bado anakuita "yule mtoto wa Kisukuma" ingawa sasa wewe mwenyewe una watoto wawili. Mzigo wako umefika salama kwa basi. Kwa kuwa mashairi uliyatia mfuko mmoja na dagaa, nimeyasoma huku kila ukurasa ukinukia Ziwa Victoria, na paka wa jirani ndiye aliyekuwa mpenzi wako wa kwanza wa fasihi.

Umeniuliza, "Niambie kweli, nina kipaji au najisumbua?" Swali hilo sina jibu lake, na yeyote atakayekujibu baada ya kusoma kurasa chache atakuwa anapiga ramli. Niulize shairi fulani lina nini na limekosa nini, hapo tutaongea mpaka usiku wa manane. Nimechagua moja tu, lile la zamu ya usiku, tena ubeti wake wa kwanza:

Usiku uko wodini, watu wote wamelala,
Nami naketi kitini, bila chai bila kula,
Taa yawaka darini, inang'ara kwa jamala,
Muuguzi duniani, ni mlinzi wa jumla.

Hesabu nimeipiga kwa vidole. Mizani, yaani silabi, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili), mishororo yote minne. Vina vya kati -ni, vya mwisho -la, hakuna kilichoteleza. Umejua hata kwamba ile m ya "mlinzi" ina mizani yake peke yake, jambo linalowaangusha wengi. Kwa hiyo lile la "mimi sheria sizijui" ulilolalamikia lifute. Unazijua.

Sasa usome kwa sauti, taratibu, kama unamsomea mtu aliye chumba cha pili. Taa ya wodi ina jamala gani, somo? Jamala ni wema wa mtu kwa mtu. Hapo neno limeitwa haraka kuja kuziba pengo la kina, likaja bila kuuliza linakwenda kufanya kazi gani. Na "mlinzi wa jumla" nimecheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wa jumla! Basi wale wengine ni wa rejareja? Hilo la "bila chai" ndilo sikuliamini kabisa, kwa sababu nakujua, chupa yako ya chai haikai mbali nawe hata msibani.

Mwezi uliopita ulinitumia ujumbe wa sauti, ukiwa umechoka, unaongea kwa kunong'ona. Ulinieleza juu ya bibi mmoja asiyelala, kila ukipita anakuuliza kama saa ya swala imefika, nawe unamwambia bado. Ukasema kwamba saa tisa usiku dakika zinagoma kusogea. Ujumbe ule niliusikiliza mara mbili. Nilipofungua karatasi zako nikamtafuta yule bibi, sikumwona. Umemwacha kwenye simu, ukaleta taa yenye jamala. Nimejaribu kumrudisha, si kwa kuwa wangu ni bora, nataka tu uone kwamba vina vile vile na mizani ile ile vinaweza kumbeba:

Ni saa tisa wodini, bibi bado hajalala,
Auliza kitandani, "Mwanangu, saa ya swala?"
Natazama mkononi, namjibu, "Bado, lala."
Asubuhi i njiani, imekwamia pahala.

"Hajalala" na "lala" zimekaribiana mno, najua. Ukipata neno jingine libadilishe, ubeti ni wako. Lakini angalia mshororo wa nne. Sikuutoa kichwani mwangu, ni zile dakika zako zilizogoma. Watu hudhani mshairi ni mtu wa maneno makubwa makubwa. Mimi naona ni mtu wa masikio: anasikia kilichosemwa, anakishika kabla hakijapotea, halafu anakihangaikia mpaka kiingie kwenye mizani bila kuvunjika mguu. Kipengele hicho cha kuhangaika ndicho kazi yenyewe. Ubeti wa kwanza unaokujia ni malighafi tu. Andika mshororo mmoja kwa namna nne au tano, ulale, kesho uchague. Na kina kikikataa, badilisha kina. Usibadilishe ulichokiona.

Kuna jambo moja linanifaa sana, nawe lijaribu: shairi usilisome wewe. Mpe mwanao mkubwa akusomee, asiwe ameliona kabla. Pale ulimi wake utakapojikwaa, tia alama kwa penseli, usimsahihishe. Kisha liimbe. Ndiyo, liimbe, hata kwa sauti yako ile mbovu. Mashairi yetu yametungwa kwa kuimbwa tangu zamani, na wimbo hauna subira na neno la kujazia. "Kweli," "hakika," "jamani," "nawambia," zote zitajitokeza zenyewe kama wezi wa mchana.

Umesema tena kwamba wewe ni wa bara na ushairi ni wa watu wa pwani. Hapo umenikera kidogo. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 bado ndicho tunachokimbilia tukibishana juu ya vina, alizaliwa Ujiji. Mathias Mnyampala, mtu wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Na marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyeandika mashairi yasiyo na vina, alikuwa jirani yako kabisa wa Ukerewe, unapanda kivuko tu hapo. Sisi wa pwani tunazo lahaja na maneno ya kale, sawa, na mengine tunayatumia kujidai. Wewe unayo maneno ya ziwani, ya soko la samaki, ya wodi, ya Kiswahili kinachosemwa na Wasukuma, Wakerewe na Wahaya wakikutana kwenye foleni moja ya dawa. Sioni hayo kwenye karatasi zako. Naona Lamu, ile ya washairi wa kale wa pwani, ya kuazima.

Kwa kuwa nimemtaja Kezilahabi, najua utaniuliza kama unaweza kuviacha vina kabisa. Unaweza. Diwani yake ya mwaka 1974 ilizua ubishi mkubwa kati ya wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, wanaokubali shairi lisilo navyo, na ubishi wenyewe haujaisha hata leo; wazee wapo ambao ukiwatajia shairi huru wanakuwa kama umewatukania ukoo. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Nakuomba kitu kimoja tu, kwamba uviache ukiwa unaviweza. Katika shairi huru hakuna kina cha kukushika mkono, kwa hiyo kila pahali unapokata mshororo pawe na sababu unayoweza kunitajia. Sentensi ya kawaida iliyokatwa katwa ikapangwa kama ngazi bado ni sentensi ya kawaida.

Sasa habari ya muda. Zamu, watoto, mume, kanisa, kikoba cha Jumamosi, nimesoma malalamiko yote. Shaaban Robert wa hapa kwetu, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali miaka mingi, na vitabu vyake aliviandika akiwa mtu wa kazi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, na mashairi aliyotunga gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Sikuambii ufungwe. Wala sipendi watu wanaotaja mateso ya wengine ili kumwaibisha mtu aliyechoka kwa haki. Ninachosema ni kwamba shairi linahitaji nafasi ndogo sana. Ubeti mmoja unabebeka kichwani kutoka wodini hadi kituo cha daladala, na ukifika nyumbani umeshaugeuza mara tatu. Riwaya ingekuwa na madai mengine. Umejichagulia sanaa inayoelewana na ratiba yako.

Weka daftari dogo kwenye mfuko wa sare, lile la kushonwa kwa uzi, lisilo na waya wa kukuchoma. Humo usiandike mashairi, andika ulichosikia: maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa, na kosa lake la sarufi ukiliacha hivyo hivyo. Jambo moja lakini, na hili nalisema kwa uzito. Wagonjwa si mali yako. Jina usiandike, hata herufi ya kwanza. Ugonjwa badilisha, kitanda badilisha, na mara nyingine mbadilishe bibi awe babu. Siku shairi litakaposomwa redioni, mjukuu wake asijikute anamtambua bibi yake ndani ya ubeti. Ukiona kitu hakibadilishiki bila kumtambulisha mtu, basi kitu hicho umepewa ukijue, hukupewa ukitangaze.

Na umwandikie mtu mmoja. "Jamii" haina masikio. Mwana Kupona, yule mshairi wa kale wa pwani, mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, akamwita binti yake aketi karibu na wino na karatasi. Alichokitunga kilikuwa cha mtoto yule mmoja, wosia wa mama kwa mwanawe. Mengine aliyomuusia juu ya mume sikubaliani nayo, tungekaa barazani tungebishana mimi na yeye. Ila mlango anaouingilia kila mara unanishika, kwa sababu namwona mtu anayeongea na namwona anayeongewa. Lile shairi lako la pili, linaloanza na "Enyi wanawake wote," hebu limwandikie dada yako mdogo, yule aliyeacha chuo. Jina lake usilitaje. Utaona maneno yanavyoshuka toka jukwaani.

Kuhusu huyo bwana aliyekupigia simu akitaka umpe pesa ndipo "akutolee kitabu," usitume hata shilingi kwanza. Mchapishaji anaupokea mswada, anauhariri, anagharimia, anauza, kisha anakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Anayetaka umlipe anakuuzia huduma ya kupiga chapa. Si dhambi, wengine wetu tumejichapishia hivyo na tumeuza, lakini ujue unanunua nini. Muulize: nakala ngapi, nani anazihifadhi, nani anazipeleka madukani, nani anahariri, na haki inabaki kwa nani. Akianza kukujibu kwa kukusifia kipaji, kata simu. Namba ya ISBN unaweza kuiombea mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba, hakuna uchawi wowote pale. Hakimiliki, kwa sheria ya 1999, ni yako tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Mkataba wenye maneno "haki zote, milele" usiutie saini hata kama kalamu umepewa ya dhahabu.

Tuzo zipo. Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na ushairi umo. Ipo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo inapokea miswada ya mashairi. Zote zinataka mswada wa diwani nzima, kwa hiyo wewe bado, na sioni aibu ya kukuambia hivyo. Usikusanye mashairi kwa kuikimbilia tarehe ya mwisho. Tuma moja moja kwanza. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa yakitenga nafasi ya mashairi tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na washairi wengi walijuana humo, wakajibizana humo, wakatukanana humo kwa mizani kumi na sita. Ukijibiwa na mtu usiyemjua, hata kwa kejeli, umeshaingia barazani. Wakikataa bila maelezo, litume kwingine wiki hiyo hiyo, usilikalishe ndani likawa kidonda.

Sitaki uniletee mashairi mapya sasa hivi. Nataka zamu ya usiku iishe, beti zake zote tano. Ubeti wa tatu una yule mlinzi wa getini anayesikiliza redio ndogo, huyo mwache, huyo yuko hai. Ubeti wa nne utupe mzima mzima, unamsifu Mungu kwa namna ambayo nadhani hata Yeye ameshaichoka. Wa tano sikuuelewa, niandikie kwa maneno ya kawaida ulikuwa unataka kusema nini, maana pengine maneno hayo ya kawaida ndiyo ubeti.

Ukilituma shairi kabla ya Alhamisi nitalisoma mbele ya wenzangu wa hapa shuleni. Wawili ni walimu wa Kiswahili na hawana huruma, mmoja anahesabu mizani hata kwenye matangazo ya msiba. Nitakuandikia kila watakachosema bila kupunguza. Nawe niambie likizo yako ni lini, mama anataka kujua kama atengeneze achari ya ndimu ya kukubebesha au ampe mtu wa basi.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
Somo yako