Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bahasha ya dawa ya mama yangu

Mheshimiwa Waziri,

Kila nikikuona kwenye taarifa ya habari unakata utepe, nafurahi. Wodi mpya ni jambo jema, na gari la wagonjwa si la kubezwa. Ila leo nakuletea kitu kidogo zaidi: bahasha ya karatasi, ile ya kutilia vidonge, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1 x 2.

Mama yangu ana presha. Bahasha hiyo alikabidhiwa dirishani baada ya kukaa kwenye benchi tangu alfajiri. Kwa aliyeandika, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mama, ambaye kusoma anajua na hesabu anaziweza, alielewa kidonge kimoja kila baada ya siku mbili. Akafuata hivyo bila kukosa, akitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Tuliporudi kliniki mwezi uliofuata, kipimo kilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Daktari akauliza kwa ukali, "Mama, dawa humezi?" Mama akajibu kwamba anameza. Akaongezewa dawa ya pili. Hakuna aliyedanganya mle chumbani. Mimi ndiye niliyekuja kugundua juzi, nyumbani, nilipohesabu vidonge vilivyobaki nikakuta ni vingi mno.

Simlaumu yule wa dirishani. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, naye alikuwa peke yake. Ninachokuomba uone ni hiki: kila kitu ambacho wizara huhesabu kilikuwepo siku ile. Kituo kipo, daktari yupo, dawa zipo, mgonjwa kahudhuria. Kwenye ripoti ya mwezi mama yangu ni mafanikio.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet ilipiga hesabu ya vifo ambavyo matibabu yangeweza kuvizuia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watu wapatao milioni 3.6 kwa mwaka walikufa kwa kutofikiwa na huduma. Waliofika wakahudumiwa, na wakafa kwa sababu huduma yenyewe ilikuwa dhaifu, walikuwa kama milioni 5. Nilipozisoma tarakimu hizo nilidhani nimezibadilisha nafasi. Tumezoea kuamini kwamba tatizo ni umbali, na kwamba mtu akishavuka kizingiti cha hospitali basi amepona nusu.

Chanzo kimojawapo ni dakika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 67, ulikuta muda wa mgonjwa kuonana na daktari ukianzia sekunde 48 nchini Bangladesh hadi zaidi ya dakika 22 nchini Sweden. Katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote duniani, wastani ni dakika 5 au pungufu. Kwa dakika 5 utajieleza, utapimwa, utaandikiwa, halafu uulize swali saa ngapi? Wengi wetu hatuulizi. Tunaogopa kuonekana wajuaji, na tunawaonea haya walio nyuma yetu.

Najua utasema madaktari hawatoshi. Ni kweli. Lakini baadhi ya watu walioko kwenye foleni hawakupaswa kuwepo siku hiyo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wanaoishi na VVU ambao hali zao zimetulia waonane na mhudumu kila baada ya miezi 3 hadi 6, badala ya kila mwezi. Kwa nini mwenye presha iliyokwisha kutulia arudi kila mwezi kuchukua vidonge vilevile? Mpe vya miezi mitatu. Dakika zake apewe mtu kama mama yangu, ambaye presha yake bado inapanda.

Jambo jingine halihitaji hata bajeti. Kabla mgonjwa hajaondoka dirishani, aulizwe: "Hebu nieleze, nyumbani utazimezaje?" Wasimuulize kama ameelewa, maana hapo kila mtu huitikia ndiyo. Aeleze kwa maneno yake. Na bahasha iandikwe kwa maneno: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Asiyejua kusoma achorewe jua na mwezi.

Kuhusu kutushirikisha sisi wananchi, nitasema machache. Pale tunapotibiwa kuna sanduku la maoni lenye kufuli iliyoshika kutu, na ufunguo anao yuleyule anayelalamikiwa. Nchini Uganda walijaribu njia nyingine katika jamii 50: katika nusu yake, wananchi na wahudumu walikalishwa pamoja, wakasomewa hali halisi ya kituo chao, wakakubaliana nani atafanya nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano huko vilikuwa pungufu kwa theluthi moja kuliko katika nusu nyingine. Utafiti mkubwa zaidi uliofanyika baadaye nchini humohumo haukuona punguzo hilo. Uliona ubora wa huduma ukiongezeka kwa kiasi tu. Kwa hiyo siahidi miujiza. Naomba kamati ya kituo iwe na watumiaji halisi wa kituo, wasomewe dawa zilizoingia na zilizokwisha, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza yale ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Kamati ya kunywa soda na kusaini posho tunayo tayari.

Siku ukija kukagua, pitia kwanza dirisha la dawa, kabla hawajakupeleka kwenye jengo jipya. Msimamishe mmoja anayetoka, umwombe akusomee bahasha yake.

Mama ameniuliza kama ile dawa ya pili aendelee nayo, maana ya kwanza hakuwahi kuimeza inavyotakiwa. Nimeshindwa kumjibu. Kliniki ni Alhamisi, na safari hii naingia naye, bahasha mkononi.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa