Picha za ndani ya nyumba zifuate kuta na jua la Goma

Bwana Mhariri,

Siku hizi mteja wa Goma haridhiki tena na saloni iliyochorwa kwa penseli. Anataka picha ya kompyuta: makochi yamepangwa, pazia limening'inia, jua linaingia dirishani. Anaibeba kwenye simu hadi kwa fundi wa mbao na kumwambia, "Nitengenezee hivi hivi." Fundi anatengeneza kwa vipimo vya mchoro, kabati linaletwa, haliingii. Anayelaumiwa ni fundi, wakati kosa lilizaliwa kwenye kompyuta. Mara nyingi ni kosa lile lile: mchoraji ameacha vipimo ambavyo programu imekuja navyo. Naomba nafasi katika gazeti lenu niwaeleze wanaochora, na hata wanaolipia michoro, mahali pa kurekebisha. Mifano yangu ni ya Sweet Home 3D, programu ya kuchora mipango ya nyumba, kwa sababu ni ya bure, ina menyu za Kifaransa, na ukishaipakua haidai intaneti.

Kwanza ukuta. Programu hii huanza na ukuta wenye unene wa sentimita 7.5. Mabloki ya simenti tunayojengea ni ya 15 au 20, na krepisaji, yaani plasta ya simenti, huongeza sentimita moja na nusu hivi kila upande, kwa hiyo ukuta wa bloki ya 15 unafika 18. Ukikumbuka jambo hili baada ya kumaliza kuchora, umechelewa, maana programu hunenepesha ukuta kuanzia mstari wa katikati, pande zote mbili sawasawa. Chumba kilichokuwa na mita 3 kamili kinaliwa sentimita 5.25 huku na 5.25 kule, kinabaki mita 2.895. Kama ulipanga kitanda cha mita 2 na mbele yake kabati la kina cha sentimita 60, ulikuwa na sentimita 40 za kupita katikati. Sasa zimebaki 29.5. Mtu mzima atapita ubavu ubavu, na mlango wa kabati utagonga kitanda.

Kwa hiyo, kabla ya mstari wa kwanza, ingia kwenye "Préférences" (mipangilio ya programu) uandike unene na kimo cha kuta za nyumba hiyo. Unene hupimwa kirahisi kwenye tundu la mlango au la dirisha, na hili linafaa hata kwa nyumba za mbao. Kimo nacho kipime. Programu huweka sentimita 250 bila kukuuliza. Kisha pima kila chumba kwa ndani, pande zote nne, pamoja na mishazari yote miwili. Mishazari ikitofautiana urefu, chumba hakina pembe mraba, na kabati la ukuta hadi ukuta litaacha mwanya upande mmoja. Ukiwa umeshachora, chagua kuta zote, badilisha unene kwa mkupuo mmoja, halafu rudia kupima vyumba vyote kwenye skrini. Usisahau madirisha: kina cha kila dirisha kilingane na unene mpya wa ukuta, la sivyo fremu inabaki imezama na mwanga unaingia vibaya.

Jambo la pili ni jua, na hapa ndipo picha nyingi zinapodanganya bila mchoraji kujua. Juu ya mchoro kuna alama ndogo ya dira. Ibofye mara mbili utaona latitudo, longitudo, upande wa kaskazini na saa za eneo. Faili ikiwa ilianzishwa na mtu aliye Ulaya, dira yake husafiri nayo hadi hapa kwetu. Goma andika nyuzi 1.68 Kusini na 29.22 Mashariki, Bukavu 2.5 Kusini na 28.86 Mashariki. Saa za eneo chagua za Lubumbashi. Ukichagua za Kinshasa, jua lako litakosea kwa saa nzima.

Je, tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Chukua dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.10 kutoka sakafuni. Paris, mwishoni mwa Desemba saa sita mchana, jua liko chini sana, kama nyuzi 18 juu ya upeo, na mwanga wake unaweza kutambaa sakafuni zaidi ya mita 6. Goma jua la saa sita halishuki chini ya nyuzi 64 mwaka mzima. Hata mwezi wa Juni, likiwa limeelemea kaskazini, dirisha hilo hilo linaingiza jua chini ya mita moja tu, na paa likitokeza nje haliingii kabisa. Mwezi wa Machi na Septemba liko karibu utosini. Saloni iliyopakwa dhahabu ya jua hadi ukuta wa nyuma saa sita mchana haipo katika mji huu. Jua letu huingia ndani asubuhi kwa madirisha ya mashariki na alasiri kwa yale ya magharibi. Mteja mwenye dirisha la mashariki mtolee picha ya saa tatu asubuhi. Mwenye la magharibi, ya saa kumi alasiri. Na kaskazini iweke kwa dira ya simu ukiwa umesimama pale pale kwenye kiwanja, usiikisie kwa kutazama barabara.

Picha ya ndani isiyo na dari haifai hata kwa kuanzia. Kuna wachoraji wanaochora kuta nne na kuweka makochi bila kuunda chumba chenyewe. Programu ikikosa chumba, inakosa sakafu na dari pia, kwa hiyo anga yote inamwaga mwanga kutoka juu. Mteja anaona saloni inang'aa, kumbe anaangalia kiwanja kilichozungushiwa ukuta. Chukua kifaa cha kuunda vyumba, bofya mara mbili katikati ya kuta zilizofungwa, kisha hakikisha dari imewashwa. Ukuta mmoja ukiwa haujafika kwenye kona, hata kwa sentimita chache, mwanga utapenya hapo na kuacha mstari mweupe usioeleweka.

Sasa niseme kwa urefu kuhusu tekscha, yaani ile picha ndogo inayorudiwa rudiwa juu ya sakafu au ukuta, kwa sababu hapa ndipo mchoro unapopata sura ya kwetu. Programu inakuja na parke (sakafu ya vipande vya mbao) na matofali ya nchi nyingine. Haina jiwe letu jeusi la volkano wala mbao za libuyu, na karo zake si zile zilizoko dukani leo. Vyote hivyo unaweza kuvitengeneza kwa simu. Piga picha siku ya mawingu au kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba kabisa na uso wa kitu. Simu ikiinama, upande mmoja unakuwa mpana kuliko mwingine, na makosa hayo yatajirudia sakafu nzima.

Weka karatasi nyeupe ya A4 kando ya jiwe au ubao kabla ya kupiga. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni rangi. Kamera ya simu ikiona jiwe jeusi limejaza fremu, hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na jiwe linatoka la kijivu. Ukuta wa kijivu hurudisha mwanga mwingi chumbani kuliko mweusi, kwa hiyo si rangi tu inayokosewa, chumba kizima kinaonekana cheupe kuliko kitakavyokuwa. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya kurekebisha picha ambayo nayo ni ya bure, urekebishe mwanga mpaka karatasi isomeke karibu na 240 kwa kipimo cha 0 hadi 255. Jiwe litarudi kwenye weusi wake. Kazi ya pili ni kipimo. Upande mrefu wa A4 ni sentimita 29.7. Upande huo ukiwa umechukua pikseli (vinukta vya picha) 600, na kipande utakachokata kina upana wa pikseli 1200, basi upana wake halisi ni sentimita 59.4. Namba hiyo ndiyo utakayoandika programu itakapokuuliza upana wa tekscha. Wengi huacha namba yoyote iliyopo, ndipo unaona karo za mita mbili mbili, au mbao nyembamba kama njiti.

Kata kipande bila karatasi. Kwa karo, kata katikati ya mistari ya simenti: karo mbili kwa mbili za sentimita 40 zinakupa upana wa 80. Kwa jiwe, tumia kichujio cha GIMP cha kuunganisha kingo ili maungio yasionekane, na uchague kipande kisicho na doa la pekee, maana doa moja likirudiwa mara ishirini jicho linalikamata papo hapo. Pikseli 1024 zinatosha. Picha nzito kupita hapo inachelewesha kazi bila faida.

Fanicha za kuingiza kutoka nje zina kasoro mbili za kawaida. Moja ni ukubwa: kochi lililochorwa kwa milimita linaweza kutua kubwa kuliko nyumba, kwa hiyo wakati wa kuliingiza andika upana, kina na kimo chake halisi. Nyingine ni nyuso zinazopotea, kochi likionekana limetobolewa; washa chaguo la kuonyesha nyuso za nyuma. Kiti chenye nakshi nyingi mno kinaweza kumaliza kumbukumbu ya kompyuta peke yake.

Kuhusu taa, ubora wa picha una ngazi nne, na taa unazoweka huangaza katika ngazi mbili za juu tu. Taa isiyowaka hata hapo mara nyingi imezama ndani ya dari. Ishushe sentimita chache.

Kwa kutoa picha, jaribu kwanza ndogo, 400 kwa 300, kwa ngazi ya tatu. Picha ya 1600 kwa 1200 ina pikseli mara 16 zaidi, na muda unapanda karibu kiasi hicho hicho. Hesabu hii ni muhimu hapa kwetu, kwa sababu umeme ukikatika katikati, picha haiendelei pale ilipoachia, inaanza upya. Hifadhi faili kabla, na usitegemee betri ya laputopu, maana kazi hii huila haraka. Kwa kuchapa kwenye A4, 1754 kwa 1240 inatosha. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa.

Kamera iweke kwenye kimo cha sentimita 130 hadi 140. Uwanja wa kuona, yaani pembe ambayo kamera inaifunika, uache kwenye nyuzi 63 ambazo programu huanza nazo, au karibu na hapo. Anayeupanua hadi 90 na zaidi ili chumba kionekane kikubwa anamuuzia mteja nafasi ambayo haipo. Chumba kikiwa kidogo, rudi nyuma hadi mlangoni. Kuondoa ukuta ili kupata nafasi kunaharibu hesabu ya mwanga.

Nanyi, Bwana Mhariri, nina ombi. Mnapochapisha picha za aina hii katika kurasa za nyumba na matangazo ya biashara, mdaini mchoraji maelezo manne yaandikwe chini yake: upana wa chumba kwa ndani, unene wa kuta, tarehe na saa ya jua iliyotumika, na uwanja wa kuona wa kamera. Yote yanaenea katika mstari mmoja, naye anayo tayari kwenye faili yake.

Msomaji wenu, mchoraji wa mipango ya ndani,
Goma