Umri wa mnyama hautoshi kuamua upasuaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba anayekataa mnyama wake mzee asipasuliwe ni mtu aliyechoka kumtunza. Mimi nimewahi kukubali na nimewahi kukataa, na mara zote mbili sikuwa nimechoka.

Mara ya kwanza mgonjwa alikuwa mbwa jike wa miaka 11 ambaye mfuko wake wa uzazi ulijaa usaha, maradhi yanayowapata majike wasiofungwa kizazi, aghalabu wiki chache baada ya kupata joto. Aliacha kula, akawa anakunywa maji bila kukata kiu. Jamaa walinishauri nimwache kwa kuwa ni mzee, lakini daktari wa mifugo alinieleza kwamba usaha ule ungemuua, ilhali mfuko ukitolewa chanzo cha ugonjwa nacho kinaondoka. Alipima damu aone kama figo na ini vingestahimili nusukaputi, akampasua siku hiyohiyo. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Mara ya pili alikuwa dume wa miaka 13. Asubuhi moja alisimama mbele ya kidaraja cha mlangoni, akaweka mguu mmoja juu, akaurudisha chini, akauweka tena. Nilipomfunua mdomo nikakuta fizi nyeupe, dalili ya kuvuja damu ndani kwa ndani. Picha zilionyesha uvimbe kwenye bandama na madoa kwenye mapafu. Mbwa anaweza kuishi bila bandama, na si kila uvimbe wa hapo ni saratani, hivyo kama mapafu yangekuwa safi pengine ningekubali kisu. Kwa hali ile, upasuaji ungezuia damu isivuje, lakini usingeufikia ugonjwa uliokwisha kuenea, na sehemu kubwa ya siku chache zilizobaki angeitumia kuuguza kidonda cha mshono tumboni.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukifika kwa daktari huuliza kama mnyama ataamka baada ya nusukaputi, kisha tukijibiwa kwamba huenda akaamka tunaona shauri limekwisha. Swali zito zaidi ni siku zake zitakuwaje baada ya mshono kufunga, na zitakuwa nyingi kiasi gani. Daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo kinachosaidia hapo: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha ya mnyama huhesabiwa kuwa bado yana nafuu. Nilikijaza kila jioni, na nakiri kwamba jioni ya kwanza nilidanganya kwenye furaha.

Kukataa upasuaji hakumaanishi kumtelekeza mnyama kwenye kona. Kuna dawa za maumivu, ila ziandikwe na daktari wa mifugo, si zile za binadamu tulizonazo nyumbani. Kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Kuna pia sindano ya kumpumzisha milele, ambayo dume wangu alichomwa jumla yake iliposhuka chini ya 35, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Yote hayo niliyajua kwa kuuliza, wala sikuambiwa hadi nilipouliza. Ndiyo maana nawaomba madaktari, kabla ya kutupa fomu ya kuridhia upasuaji, watueleze kwa kirefu kilekile namna mnyama atakavyotunzwa iwapo hatutaitia sahihi.

Msomaji wako