Lori, si risasi

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa dini ya Sayantolojia, imenishinda kunyamazia. Mmeandika kwamba alitoka Vita Kuu ya Pili akiwa kipofu na kiwete, akajiponya kwa elimu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo kanisa lake linavyosimulia. Kwa nini hamkusema kuwa ni maneno ya kanisa?

Faili lake la jeshi la majini la Marekani linataja vidonda vya tumbo na macho mekundu. Jeraha la vita halimo. Mwaka 1943 aliwinda nyambizi pwani ya Oregon, na wakubwa wake wakaamua hazikuwepo. Chuo kikuu aliondoka bila shahada. Gerald Armstrong, muumini aliyepewa kazi ya kukusanya nyaraka za wasifu rasmi, ndiye aliyekuta karatasi hazilingani na sifa. Yeye na kanisa wakaishia mahakamani, na mwaka 1984 jaji Paul Breckenridge wa Los Angeles akaandika kuwa ushahidi unamwonyesha Hubbard kama mtu mwenye maradhi ya uongo kuhusu historia yake. Kanisa linajibu kuwa faili lina mapengo kwa sababu alikuwa mpelelezi. Sawa, nalo liandikwe.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu ya marehemu baba. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma) kupigana na Wajapani mwaka 1944. Alirudi Tanga na kovu pajani, refu kama kiganja, limekunjamana kama ganda la embe lililokauka. Barazani watu walitaka liwe la risasi ya Mjapani. Yeye hujibu, "Lori lilipinduka kwenye tope. Lori, si risasi." Uzeeni akasikia askari wa zamani wanaandikishwa wapate kifuta jasho, nikamsindikiza. Karani akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee, tuandike risasi, mambo yatakwenda haraka." Baba akachukua cheti chake, kilichogandishwa kwa gundi pale kwenye mkunjo, akakirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akanyanyuka. Hakupata kitu mpaka tunamzika. Siku ile nilimkasirikia njia nzima hadi Ngamiani, na leo naona haya kwa hasira ile. Hubbard alilipwa pensheni ya ulemavu, na bado gazeti la kwetu linamwongezea upofu na ukiwete bila kuuliza karatasi moja!

Na hawa vijana wanaotembeza wageni mjini wanasema Wajerumani waliwafunza nyuki kuwashambulia Waingereza katika vita vya Tanga, mwezi Novemba 1914. Nyuki walichokozwa na milio ya bunduki. Hadithi ya hila ya Wajerumani ilienezwa na Waingereza walioshindwa, na sisi wenye mji tunaiuza.

Ombi langu ni hili. Kila mnapoandika maisha ya mwanzilishi wa dini, wa kwao au wa kwetu, gaweni ukurasa safu mbili zenye herufi za ukubwa mmoja: kushoto wanavyosimulia wafuasi, kulia zinavyosema nyaraka, na mwaka wa kila karatasi. Pasipo na karatasi, acheni peupe. Anzeni na Hubbard, Jumapili ijayo, ukurasa uleule.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga