Barua kwa mwanangu: bastola ifuate mkono wako

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia muuzaji amekushauri uchukue ile rivolva fupi nyepesi, yaani bastola ya silinda inayozunguka, kwa sababu una mikono midogo, na kwamba wanawake wengi huichukua. Kabla hujalipa, nakuomba usome barua hii hadi mwisho. Huo ushauri wa "mkono mdogo, bastola ndogo" nimeusikia miaka yote niliyofundisha kulenga shabaha, na nimeona wanawake wengi wenye nia njema wakikata tamaa kwa ajili yake.

Kibali umekwisha kukipata, na uamuzi wa kumiliki silaha umeufanya kwa utulivu. Sitaurudia mjadala ule. Ninachotaka sasa ni kimoja tu: utakachonunua kikutii.

Nianze na uzito. Nguvu inayoisukuma risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayoirudisha bastola nyuma, na bastola nzito hupokea sehemu kubwa ya teke hilo kabla halijakufikia. Nyepesi hukukabidhi lote. Rivolva fupi za Smith & Wesson zenye fremu ya alumini, za risasi 5, zina gramu 400 na ushee. Glock 19, ambayo ni bastola ya ukubwa wa kati, ikiwa tupu ina gramu 600 hivi, na ukiweka magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) yenye risasi 15 inavuka 800. Halafu kuna kifyatulio: kwenye hizo rivolva kila mvuto huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi, karibu maradufu ya Glock. Hebu fikiria, mwanangu: unavuta kwa kilo 5 kitu kisichofika nusu kilo, kwa kidole kimoja. Lazima kiyumbe. Bastola ile ni ya mtu mzoefu anayehitaji kitu cha kuficha kabisa, na wanaoanza nayo wengi huiogopa kabla hawajamaliza boksi la kwanza la risasi.

Sasa mkono wenyewe, na hapa nitakaa kwa muda. Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka mgongo wa mpini hadi uso wa kifyatulio. Muuzaji akikupa bastola, hata akiapa kwamba ni tupu, hakikisha mwenyewe: toa magazini, vuta nyuma slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama ndani ya chemba risasi inamokaa, kisha papasa kwa kidole. Halafu ishike kwa mkono mmoja juu kabisa ya mpini, ile nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikigusa chini ya mkia wa fremu, yaani ile ncha ya nyuma ya mwili wa bastola iliyo juu ya mpini. Elekeza mtutu mahali salama, na uhakikishe mtutu na kigasha chako viko kwenye mstari mmoja. Bila kusogeza kitu kingine chochote, peleka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Ikiwa ule unene laini wa ncha ya kidole, kabla ya kiungo cha kwanza, unakaa katikati yake bila kujinyoosha, bastola hiyo inastahili kujaribiwa.

Kidole kisipofika, utaona mkono unaanza kuuzunguka mpini wenyewe ili ukifikie. Huo ndio wakati wa kuirudisha kabatini. Mkono ukizunguka, teke litapita kwenye fundo la kidole gumba badala ya kuingia moja kwa moja kwenye kigasha, na litauma. Tena ncha ya kidole itasukuma kifyatulio kwa pembeni badala ya kukivuta nyuma, na risasi zitaangukia upande. Watu watakuambia huna shabaha. Nimekutana na wanawake walioambiwa hivyo wakaamini, ilhali jicho lao lilikuwa zuri na mpini ndio uliokuwa mnene mno.

Usikubali aibu yoyote katika jambo hili. Jeshi la Marekani lilipoanza kutumia Beretta M9 mwaka 1985, lilipata bastola nzuri yenye mpini mpana, na kifyatulio kinachokaa mbali mbele kabla nyundo haijavutwa nyuma. Wanajeshi wenye mikono midogo walihangaika nayo kwa miongo mitatu. Januari 2017 jeshi hilo lilichagua SIG Sauer P320, iliyopewa jina la M17, na moja ya sifa zake ni mpini unaobadilishwa: mdogo, wa kati na mkubwa. Watengenezaji wengine walikwisha kuliona hilo. Walther P99 ya miaka ya 1990 ilikuwa na mgongo wa mpini unaobandikwa na kubanduliwa, na Glock wakaufuata mtindo huo kwenye kizazi chao cha nne mwaka 2010. Kwa hiyo ukishika bastola dukani ukaiona nene, uliza kama boksi lake lina mgongo mwembamba zaidi. Mara nyingi inayoonyeshwa imefungwa ule wa kati.

Unene mwingine hutoka kwenye magazini. Risasi zikipangwa safu mbili, mpini hunenepa. Zikipangwa safu moja, hupungua, na risasi nazo hupungua. SIG P365 iliyotoka mwaka 2018 ilisaidia sana hapo, kwa kuwa iliingiza risasi 10 kwenye mpini mwembamba. Lakini angalia pia urefu. Mpini mfupi ukikiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani, umepoteza nguvu ambayo mkono mdogo hauwezi kuimudu hasara yake. Chukua magazini yenye kitako kilichorefushwa, au bastola yenye mpini mrefu kidogo. Mrefu na mwembamba ndio unaokufaa. Mfupi na mnene ndio mbaya kuliko yote.

Kuhusu kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie chemba. Najua uliposhindwa kuvuta slaidi ulidhani huna nguvu. Nguvu unazo. Wengi huinyoosha bastola mbele kisha huivuta slaidi kwa gumba na kidole kimoja, na hapo hata mwanamume mwenye misuli hutaabika. Ilete karibu na kifua, mtutu ukibaki mbele, usielekee mkono wako wala mtu aliye kando yako. Funika slaidi kwa kiganja cha kushoto, ukiikamata kwa vidole vyote vinne na kitako cha kiganja, nyuma ya tundu la kutolea maganda. Kisha mkono wa kulia uisukume bastola mbele kwa nguvu huku wa kushoto ukikaa imara. Kazi inahamia mabegani na kifuani. Usiisindikize slaidi inaporudi. Iachie iende yenyewe. Kama bado ni ngumu, ijaribu Shield EZ ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2018 kwa risasi za .380 na 2020 kwa milimita 9. Ilibuniwa kwa ajili ya mikono isiyo na nguvu nyingi, na slaidi yake ni laini kweli.

Hapo hapo kuna mtego wa kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi. Utaambiwa .380 ni "ya kike" kwa sababu ni dhaifu kuliko milimita 9. Ni dhaifu, sawa. Lakini bastola nyingi za zamani za .380, kama Walther PPK, hazina kitu kinachofunga mtutu na slaidi pamoja risasi inapolipuka. Kinachozuia ni uzito wa slaidi na springi peke yake, kwa hiyo springi hiyo huwa kali. Matokeo yake, unaweza kukuta bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati ni rahisi zaidi kukoki kuliko hiyo, na teke lake linapokeleka vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, anza na milimita 9, ushuke tu ikiwa mikono yenyewe imekataa. Kwa uwezo usiwe na wasiwasi: FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliohangaika na kaliba kubwa tangu mapambano ya risasi ya Miami ya mwaka 1986 ambamo maafisa wao wawili waliuawa, walirudi kwenye milimita 9 katika miaka ya 2010. Sababu mojawapo ni kwamba maafisa wao hulenga vizuri zaidi nayo.

Magazini ikiwa ngumu kujaza, nunua kile kifaa kidogo cha kujazia. Usiumize gumba.

Usinunue bila kupiga. Kodi bastola kadhaa kwenye uwanja wa shabaha, mwalimu awe karibu. Usihangaikie kwanza matundu kwenye karatasi. Tazama mkono: baada ya kila risasi, bastola imebaki pale pale, au unalazimika kuishika upya? Ikihama kila mara, haikufai, hata kama ulipiga katikati. Ikikwama mara kwa mara, mwambie mwalimu atazame kifundo cha mkono wako, kwa maana kifundo kilicholegea hufanya slaidi isirudi hadi mwisho, hasa kwenye bastola nyepesi. Na kidole, mwanangu, kikae juu ya fremu hadi uwe umeamua kupiga. Kwa mkono mdogo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ukishajizoeza kujinyoosha ili kukifikia kifyatulio, kidole huzoea kukaa humo.

Usiibebe ikielea kwenye mkoba pamoja na funguo na vipodozi. Ukiamua kubeba mkobani, uwe mkoba wenye mfuko wake maalumu, na ndani yake ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Mkoba huporwa, huwekwa juu ya kiti, huchunguliwa na watoto. Ala ya kiunoni ni salama zaidi, ingawa itakubidi ubadilishe baadhi ya nguo. Nyumbani iwe ndani ya kasha la chuma lililofungwa, na ufunguo usijulikane na mtoto yeyote, hata yule unayemwona mtiifu.

Kuna jambo jingine ninalotaka kukuambia bila kuzunguka. Ukipitia kipindi cha huzuni nzito, wewe au yeyote unayeishi naye, itoe bastola nyumbani kwa njia inayoruhusiwa na sheria. Nipigie simu saa yoyote, hata usiku wa manane. Sitakuuliza sababu.

Jaribu angalau tatu kabla ya kuchagua: Glock yenye mgongo mwembamba kabisa, P365 yenye mpini mrefu, na Shield EZ. Andika namna kila moja ilivyokaa mkononi kabla hujasahau, kisha unisomee tutakapozungumza. Nami nitakuambia ipi ninayoiona yako, lakini ukihisi tofauti na mimi, chukua unayoihisi.

Mama yako akupendaye