PBR haikuwa na propela, lakini magugu yaliisimamisha

Mhariri,

Makala yenu kuhusu PBR, boti ya doria ya mitoni ya Jeshi la Majini la Marekani katika vita vya Vietnam, imezisifu bunduki na injini kwa urefu, pampu ya maji iliyoisukuma boti mkaipitia kwa sentensi moja. Na sentensi yenyewe si sahihi: eti kwa kuwa boti haikuwa na propela, magugu hayakuiweza. Yaliiweza.

Boti hizo zilianza kazi kwenye delta ya Mekong mwaka 1966. Ziliundwa na United Boatbuilders wa Bellingham, jimbo la Washington, kwa bodi ya faibaglasi ya boti za starehe: urefu futi 31, mabaharia wanne. Kila moja ya injini mbili za dizeli iliendesha pampu yake ya Jacuzzi (ndiyo, wale wa mabafu, pampu za visima walizitengeneza kabla). Pampu hufyonza maji kupitia wavu wa fito ulio chini ya boti, impela (gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu) huyasukuma, nayo hutoka kwa nguvu kwenye mdomo ulioko tezini, yaani nyuma ya boti. Kwa kuwa hakuna kinachoning'inia chini ya mkuku, boti iliyosimama ilitosheka na kina cha futi 2 hivi. Ikishika kasi na kuinuka, inchi 9.

Nahodha akizungusha usukani, midomo ndiyo inayogeuka. Akitaka kurudi nyuma, ngao hushuka mbele ya mdomo na kuyarudisha maji kuelekea omo, huku injini ikizunguka upande uleule. Ndiyo maana PBR iliweza kusimama ghafla hata ikiwa mbio. Lakini ukipunguza mafuta, maji hayatoki, na boti haisikii usukani. Aliyezoea propela hupunguza mafuta anapokaribia gati, kisha hulivaa.

Sasa magugu. Majani yakijaa kwenye wavu, utasikia injini inapandisha mizunguko huku mwendo unashuka. Pampu moja ikiziba, boti huvutia upande huo. Zima injini ya upande huo kabisa, usiiache hata kwenye mwendo wa chini. Fungua kifuniko cha ukaguzi juu ya njia ya maji, toa majani kwa mkono, kisha funga na uhakikishe gasketi, ule ukanda wa kuzuia uvujaji, imekaa sawasawa. Pampu inayovuta hewa haisukumi kitu.

Umesafisha na dalili haikuondoka? Hapo mshuku mchanga. Mchanga wa mtoni husugua ncha za impela na ukuta unaoizunguka, na nafasi kati yao ikipanuka maji hurudi nyuma badala ya kutoka. Dawa ni kupima nafasi hiyo na kubadilisha kilicholika. Uzito nao uliwaponza wengi: kila sahani ya kinga na kila sanduku la risasi lililoongezwa liliifanya boti ishindwe kuinuka, na kasi ikafa.

Mk II, yaani toleo la pili la PBR, yenye futi 32, ililetwa na pampu bora zisizoziba kirahisi kama za mwanzo. Kingo zake ziliwekwa alumini, kwani sampani (mashua ndogo za wenyeji) zilizofungwa ubavuni wakati wa ukaguzi zilikuwa zikiibomoa faibaglasi.

Mchoro mliouchapisha unaonyesha bamba la usukani chini ya tezi. Tafadhali lifuteni.

Msomaji wenu